Siku Nilipoizungusha Landrova ya Baba Zuhura

Newala, Jumapili, mwezi wa Novemba. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi, hayanyeshi, hayaondoki.

Mikono inaniuma. Naandika kwa kidole kimoja kimoja kama wale wanaokuja dukani kwangu siku ya kwanza kujifunza kompyuta, maana vidole vingine vimevimba, na chini ya kucha kuna grisi ambayo hata sabuni ya unga imeshindwa kuitoa. Mlango wa duka nimeufunga nusu. Anayetaka kuchapiwa maombi ya kazi aje siku nyingine. Leo nina yangu.

Namkumbuka mume wangu. Haya, nimelisema mapema nisije nikazunguka mbuyu.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: mume wangu, Baba Zuhura, alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji mwaka juzi, korosho zilipokuwa zinaanza kudondoka. Alisikia kuna machimbo ya vito, wenzake wameenda na wamerudi na mabati ya nyumba nzima. Akasema atarudi kabla ya mvua. Mvua zimekuja, zimeondoka, na sasa nyingine zinabisha hodi. Mwanzoni alikuwa analeta salamu kwa wafanyabiashara wanaovuka na vitenge. Baadaye akapiga simu kwa namba ya huko, mara moja moja, sauti ikikatika katika. Kisha namba haipatikani. Mpaka leo haipatikani, na mpaka leo simu nailaza karibu na sikio.

Mtaani kila mtu ana yake. Wapo wanaosema ameoa huko. Wapo wasiosema kitu, wananiuliza tu habari za duka kwa ile sauti ya kumjulia hali mgonjwa. Hao ndio wananiudhi zaidi. Bora mtu aseme ameoa tukajua moja.

Aliniachia binti aliyeko shule ya bweni, mama mkwe ninayekaa naye, na Landrova.

Hiyo Landrova ilikuwa mali ya chama cha ushirika. Zamani ukiiona barabarani unajua korosho zinapimwa mahali. Halafu mambo yakabadilika, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, chama kikalegea, magari yakapigwa mnada. Baba Zuhura akanunua lile ambalo hakuna aliyelitaka. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Yeye akaingia chini ya gari, alipotoka gari lilikuwa linatembea. Miaka ile tulibeba magunia kutoka Mkunya kwa kila mnunuzi aliyekuja na mizani yake, na msimu wa kupulizia mikorosho dawa tulibeba salfa, tukirudi nyumbani tumejaa unga kama wapishi wa maandazi. Tulikula vizuri. Kisha zikaja pikiapu za Kijapani, zenye redio na viti vya kitambaa, na mizigo ya Landrova ikapungua. Ndipo habari ya vito ikapata mahali pa kuingilia.

Tangu aondoke gari limekaa uani, pembeni ya mkorosho. Nilikuwa nalifuta vumbi kila baada ya siku chache; kuliwasha nilimwachia mwenyewe. Lakini kiangazi hiki shemeji yangu Hashimu, mdogo wake Baba Zuhura, alipata moyo wa ufundi. Akachomoa distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, eti aisafishe. Hakuweka alama ilikuwa imekaaje. Akairudisha kwa kukisia. Kuanzia hapo gari likawa bubu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita Hashimu huyo huyo kaitisha kikao cha familia. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamefika Newala, wana mizani, wana mtungi wa gesi wa kukatia. Akasema gari linaoza, heri litoke likiwa bado chuma. Si mtu mbaya Hashimu, sitaki kumsema vibaya. Mahindi yetu hulima yeye. Ila ana haraka ya kumaliza mambo. Nikasema gari la mtu halikatwi mwenyewe akiwa safarini. Wakatazamana. Nilijua maana ya kule kutazamana.

Wakamgeukia Mama, mama mkwe wangu. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya kivuli cha mtu, lakini neno lake ndilo la mwisho pale nyumbani. Akasema kama haliendi, lichukuliwe.

Usiku ule sikulala. Mtu anayetarajiwa kurudi, vitu vyake havikatwi vipande. Viatu vyake unavipiga rangi, shati lake unalitundika. Siku gari lile litakapokatwa, nyumba nzima itakuwa imekubaliana kwamba Baba Zuhura harudi tena, na hakuna atakayelitamka, tutaendelea tu kula. Nikaomba nipewe mpaka Jumapili. Hashimu akasema sawa, lakini Jumatatu asubuhi lisipoondoka lilipo kwa nguvu zake lenyewe, wenye mtungi wanaingia.

Kwa hiyo nikamtumia salamu Fundi Simoni, anayekaa Lisekese.

Fundi Simoni alifanya kazi na Baba Zuhura miaka mingi. Mmakua, mpole, anaongea polepole kama anayepima dawa. Jana asubuhi alipanda na lori la chumvi, akashuka na begi lake la spana, akampa Mama shikamoo, akaitikiwa, akalizunguka gari bila kuligusa. Akafungua boneti. Akacheka kidogo alipoona distribyuta inavyotazama upande. Akauliza nani atazungusha.

Hashimu akajitokeza, mikono ya shati imekunjwa tayari.

Nikasema nitazungusha mimi.

Wasiojua magari niwaeleze. Injini ya namna ile ina hendeli, chuma kilichopinda unachokipitisha mbele, chini ya rejeta, ukauzungusha mtambo wote kwa mkono. Kupanga moto huanza hapo. Unaizungusha taratibu mpaka pistoni ya kwanza ifike juu kabisa ikiwa imebana hewa, ndipo unaipa distribyuta mkao wake, ili cheche itoke wakati huo na si mwingine. Mmoja anazungusha, mwingine ameinama juu ya injini anaangalia. Ni kazi ya watu wawili, na kwa Landrova ile, tangu iingie uani kwetu, watu wawili hao walikuwa mimi na yeye.

Nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mambo makubwa yote ya ndoa yetu tumeambiana tukiwa tunapanga moto.

Yeye macho kwenye distribyuta, mimi nimechutama macho kwenye puli, kile kigurudumu cha mbele ya injini chenye alama. Hatutazamani. Baba Zuhura ni mtu wa aibu, mezani hakuambii kitu zaidi ya chumvi imezidi. Lakini akiinama kwenye injini ulimi unafunguka. Hapo ndipo nilimwambia mimba ya pili imeharibika. Aliacha bisibisi ikaanguka ndani, akaitafuta muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema nizungushe kidogo tena, na sauti yake haikuwa ile. Hapo ndipo aliniambia anataka kuvuka Ruvuma. Nikaendelea kuzungusha. Nikapitiliza alama. Akasema, kwa upole wake ule, usirudishe nyuma, cheni italegea itatudanganya, zunguka tena mpaka uifikie. Nikazunguka tena. Sikumwambia asiende.

Basi jana nikashika hendeli. Kidole gumba nikakilaza pamoja na vingine, upande mmoja, kama alivyonifundisha. Ukikipitisha upande wa pili, siku injini ikipiga teke inaondoka nacho.

Fundi akachomoa plagi zote ili mtambo uwe mwepesi. Sasa pistoni hupanda juu mara mbili kabla ya cheche kutoka: mara moja ikibana hewa, mara nyingine ikifukuza moshi. Alama kwenye puli inakuja ileile mara zote mbili. Utajuaje ipi ndiyo? Mafundi wengine huziba tundu la plagi kwa kidole. Huku kwetu tunachomeka gunzi la mahindi. Hewa ikibanwa, gunzi linaruka, pyu, na hapo unajua pistoni inapanda na hewa ndani. Baba Zuhura alikuwa analichonga kwa kisu, jembamba, likae tu kama kizibo cha chupa ya mafuta.

Hashimu, baada ya kunyimwa hendeli, akajitwalia gunzi. Akalipigilia kwa mpini wa nyundo. Anataka lishike vizuri, masikini.

Nikazungusha. Alama ikaja, gunzi kimya. Nikazungusha tena, kimya. Jasho likaanza kunichuruzika mgongoni. Majirani wawili watatu walikuwa wameshaegemea ua. Fundi akasema labda injini imezeeka, haina pumzi ya kutoa gunzi, tufuate alama tu tujaribu bahati. Ilikuwa ama ndiyo ama siyo. Akalitoa lile gunzi kwa koleo, vipande vipande, akapanga, akarudisha plagi na waya zake, akaniambia nivute.

Nikavuta. Kabureta ikapiga chafya ya moto, mlio mmoja kama baruti ya kufukuzia ngedere, na hendeli ikapiga teke. Nisingekuwa nimelaza gumba leo nisingeandika. Vidole vingine ndivyo hivi vimevimba. Kuku wa Mama wakatawanyika wote. Mtu mmoja kwenye ua akacheka, Hashimu akakung'uta mikono na kusema sasa tumeona wote. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayefunika shimo.

Nikakaa chini palepale kwenye mchanga. Nililia kidogo. Kwa nini nifiche, hapa ni pangu.

Fundi Simoni hakunibembeleza. Akaokota kile kipande cha gunzi kilichobaki, akakigeuza geuza, akauliza nani amelipigilia hivi. Hashimu akaangalia mkorosho. Fundi akasema basi injini ina pumzi yake, ni gunzi lililokataa kutoka. Tumepanga moto kwenye mpando wa moshi. Akaniuliza kama mkono unaweza. Nikamwambia unaweza hata kama hauwezi.

Akachonga gunzi jipya, laini, la mahindi ya mwaka huu. Akalikalisha tu juu ya tundu. Nikachutama, nikashika, nikazungusha taratibu.

Likaruka. Lilipita juu ya bega la Fundi likaangukia kwenye ungo wa mabibo. Hata wale wa kwenye ua walishangilia.

Nikaendelea pole pole mpaka alama ikakutana na kishale, nikasimama hapo, nimeshikilia pumzi. Fundi akaweka swichi, betri tuliiazima banda la video, akaunga kile kibalbu chake cha waya kwenye distribyuta. Akawa anaigeuza kidogo kidogo. Kibalbu kinawaka pale ambapo cheche ingetoka. Kilipowaka akakaza nati.

"Hapo," akasema.

Neno lilelile alilokuwa akiniambia Baba Zuhura, kutoka pahala palepale, na mimi nimechutama palepale. Ila si sauti ile. Sijui nilitegemea nini. Nilitazama chini kwenye puli mpaka macho yakakauka.

Akapanga waya kwa zamu yake, moja, tatu, nne, mbili, akanyoosha mgongo, akasema vuta, Mama Zuhura. Nikavuta mara moja, ikakohoa. Nikavuta ya pili.

Ikawaka.

Ikawaka vizuri, wallahi, ikatulia, inanguruma ule mngurumo wake wenye kwikwi kwa mbali. Watu wanapiga makofi, Hashimu mwenyewe anacheka meno yote nje, anapigapiga bodi kama mgongo wa ng'ombe. Na mimi kitu cha kwanza nilichokisikia hakikuwa furaha. Niliumia. Miaka yote hii nimejiambia gari lile linamngoja yeye, halitakubali mkono mwingine, kwa hiyo lazima arudi aje aliwashe. Nimepigana na ukoo mzima ili liwake. Likawaka bila yeye. Nikasimama pale na hendeli mkononi, nikatamani lingekataa kidogo.

Hapo ndipo Mama akatoka.

Alikuwa ndani anachambua ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha. Akatoka anafunga kanga vizuri, mkono mmoja kwenye ukuta, uso umenyanyuka kuelekea ule mngurumo. Sijamwona na uso ule tangu mwaka juzi.

"Amefika?"

Hashimu aliacha kucheka. Majirani wakaanza kutazama miguu yao. Na yeye, kwa kuwa hakuna aliyejibu, na gari linanguruma, na siku zote lilikuwa likinguruma hivyo uani maana yake ni moja tu, akajijibu mwenyewe. Akageuka akaingia jikoni. Tukasikia mfuniko wa pipa unafunguliwa.

Kwetu mtu akitoka safari haulizwi habari. Kwanza anapewa maji akaoge, kisha ale, habari baadaye. Na maji Newala, anayejua anajua. Mabomba yetu hutoa upepo, na Novemba hii mvua haijajaza hata sufuria. Lile pipa ndilo lilikuwa limebaki, tunalipimia kwa kikombe. Mama akachota sufuria kubwa, ile ya sikukuu, akaibandika jikoni. Nikamwona kwa mlangoni anachochea kuni, anapapasa, anaongea peke yake kwa Kimakonde, maneno ya kumkaribisha mtoto.

Nilipaswa kwenda kumwambia mara moja. Sikwenda. Nitakuwa mkweli: nilitaka iwe kweli japo kwa muda wa maji kuchemka. Fundi Simoni aliinamia begi lake akapanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangika. Injini ikaendelea kunguruma. Hakuna aliyethubutu kuizima.

Mwishowe nikaizima mimi. Ule ukimya ulivyoingia ndio ulimwambia, nadhani, maana nilipofika jikoni alikuwa ameshaacha kuchochea. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia Mama, hajafika, ni mimi nimeiwasha.

Akanipapasa uso. Halafu mikono. Akaisikia grisi, akavisikia vile vidole vilivyovimba, akavishika kwa muda. Sufuria ilikuwa inatoa mvuke kati yetu. Maji yale yasingerudi kwenye pipa, na yasingemwagwa.

"Basi kaoge wewe, mwanangu," akasema. "Gari umekuja nalo wewe."

Nikaoga maji ya mume wangu.

Nilijimwagia kata kwa kata, nikilia bila sauti kwa sababu ukuta wa bafu ni wa makuti na Hashimu alikuwa nje. Yalikuwa ya moto vizuri, kama anavyoyapenda yeye. Nilipotoka nimejifunga kanga, Mama alikuwa ameshaniwekea chakula, ming'oko na karanga, na ameketi anasubiri nimalize kula ndipo aniulize habari za safari. Nikala. Akaniuliza. Nikamweleza yote, gunzi, teke, kibalbu, kama kweli nimetoka mbali. Alicheka pale Hashimu alipopigilia gunzi. Hashimu naye akacheka, akasema Jumatatu atakwenda mwenyewe kuwaambia wale wa mtungi wasije.

Na Mama hakuuliza tena habari za mwanawe. Jana nzima hakuuliza, na leo hajauliza. Sijui kama amekata tamaa au amehamishia kwangu. Sijui hata mimi nimefanya lipi kati ya hayo.

Leo mchana nilikaa kwenye kiti cha dereva. Kuendesha alinifundisha yeye, uwanja wa mpira, na leseni ninayo imelala sandukuni. Kiti kile kina shimo lililochimbwa na uzito wake. Nilikaa ndani ya lile shimo muda mrefu, nikashika usukani, nikanusa. Harufu yake haipo tena. Ni vumbi, petroli na panya. Nikatandika gunia juu ya shimo, nikakaa tena. Kwa juu naona barabara vizuri zaidi.

Kuna mama mmoja Mkunya ana magunia ya korosho na pikiapu zote zimeshikwa. Nimemwambia kesho nakuja. Hakuamini, akauliza na dereva nani.

Baba Zuhura, kama huko uliko kuna mtu anayeweza kukusomea haya: bado nakutaka. Viatu vyako vina rangi. Ukifika kesho ukakuta uani hakuna gari, usishtuke, haliko kwenye mizani ya mtu. Niko nalo Mkunya. Mama atakuchemshia maji. Oga, ule, kaa kibarazani unisubiri.

Na wewe subiri kidogo.